Ardhi Iliyofichwa Ndani ya Hati ya Kaboni

Limeenea katika nchi zinazoendelea wazo kwamba umaskini wa mkulima na joto la dunia vinaweza kutibiwa kwa dawa moja: mkulima wa nchi maskini apande miti, na mwenye kiwanda wa nchi tajiri amlipe kwa ajili ya hewa ya ukaa inayovutwa na miti hiyo. Kila tani inayohesabiwa kuwa imeingia mtini huandikiwa hati, na hati huuzwa. Wazo hili lina sura ya haki. Kwa sababu hiyo lazima lichambuliwe, lisishangiliwe tu wala kutupwa kwa kelele.

Magazeti yetu huziita hati hizo "mikopo ya kaboni". Ni tafsiri mbovu, lakini imegusa ukweli bila kukusudia. Mkopaji yupo: ni ubepari wa viwanda, uliojenga utajiri wake kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Swali letu ni nani anayetakiwa kulipa deni hilo, na kwa mali gani.

Mfano wa Mlima Elgon, nchini Uganda, unatufundisha mengi. Mwaka 1990 wazalishaji wa umeme wa Uholanzi waliunda taasisi iitwayo FACE, ili ipande misitu ya kufidia moshi wa umeme wa makaa ya mawe. Mwaka 1994 taasisi hiyo, ikishirikiana na wasimamizi wa hifadhi za Uganda, ilianza kupanda miti ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, kwa shabaha ya kufikia hekta 25,000. Katika makaratasi ya mradi, eneo hilo lilikuwa msitu ulioharibika unaongoja kurudishiwa miti. Kwa Wabenet na wakulima jirani zao lilikuwa shamba na malisho. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1993. Watu wakafukuzwa mwaka huohuo, na wengine tena mwaka 2002. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliyoketi Mbale iliwatambua Wabenet kuwa wenyeji wa asili wa sehemu ya ardhi ile. Katika miaka hiyo ya mvutano wananchi waliikata miti ya mradi mahali pengi wakapanda mazao.

Taasisi ile ya Kiholanzi haikuwafukuza watu kwa mkono wake. Amri ya hifadhi ilikuwapo kabla yake. Lakini ilipanda miti juu ya mgogoro, na miti ikawa alama ya mpaka. Wako wanaosema kwamba waliokata miti walikosa elimu ya mazingira. Huo ni uvivu wa fikira. Walijua vizuri kabisa mti ule ulikuwa unalinda nini na dhidi ya nani.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mti hausafirishwi kwenda Amsterdam. Kinachouzwa ni ahadi kwamba kipande fulani cha ardhi hakitalimwa wala kukatwa kuni kwa miaka mingi. Kwa hiyo hati ya kaboni, ukiivua nguo zake za kisayansi, ni kodi ya ardhi: mnunuzi anaendelea kuchoma, na mkulima ndiye anayezuiwa kufungua shamba. Tena vitu vinavyobadilishwa si sawa. Kaboni ya makaa ya mawe ilikuwa imelala chini kwa mamilioni ya miaka. Kaboni ya mti hukaa mpaka moto au shoka lifike.

Wenye soko walilijua hilo. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 ilipoanza kutumika mwaka 2005, upandaji miti ulipewa hati za muda, ambazo mnunuzi alilazimika baadaye kuziweka nyingine badala yake. Soko la Ulaya, lililofunguliwa mwaka huohuo, lilizikataa kabisa. Mpandaji alifungwa na mti kwa miongo, na mnunuzi alikuwa huru kwenda kwingine.

Je, tukatae kila mpango? Baadhi ya ndugu zetu wa mrengo wa kushoto husema hivyo, nami sikubaliani nao. Mpango wa TIST, ulioanza Tanzania mwaka 1999, uliwakusanya wakulima katika vikundi vidogo, kila mmoja akipanda katika ardhi yake. Hakuna aliyefukuzwa, na kuni na matunda ni ya mpandaji. Lakini tutazame malipo ya awali: senti 2 za dola kwa mti kwa mwaka. Mkulima mwenye miti 1,000 hupata dola 20. Kivuli na kuni vina thamani kubwa kuliko hati, na kada anayehimiza upandaji aseme hivyo waziwazi, asimwahidi mkulima utajiri wa hewa.

Kwetu Tanzania kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ni hatua njema, maana asiyeshika mizani hupunjwa. Lakini mizani peke yake haitoshi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mkutano mkuu wa kijiji una sauti juu ya ardhi yake. Ardhi hiyo ikihawilishwa kuwa ardhi ya jumla kwa ajili ya mwekezaji, hairudi kijijini yenyewe mkataba unapokwisha. Basi kabla ya kuuliza bei ya tani, mkutano uulize kama ardhi inabaki ya kijiji, nani atalipa moto ukiteketeza msitu, na mkataba ni wa miaka mingapi. Halmashauri ya kijiji huchaguliwa kila baada ya miaka 5. Mkataba wa miaka 30 utazipita halmashauri 6, na wengi watakaoutumikia bado hawajazaliwa siku ya kutia sahihi.