Ufa, Ukuta na Ufundi wa Kauli

Mantiki ya kauli ni ufundi wa kuchunguza namna ukweli wa sentensi nzima unavyotegemea ukweli wa sehemu zake. Malighafi yake ni kauli, yaani sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo: "Mvua imenyesha Tanga" ni kauli, kwa kuwa aliyepo Tanga anaweza kuithibitisha au kuikanusha, ilhali "Funga mlango!" na "Nani amekuja?" si kauli, kwa sababu amri hutiiwa na swali hujibiwa, na hakuna kati ya hayo mawili linaloweza kuambiwa limesema uongo. Kuwa kweli au kuwa uongo ndiko kunakoitwa thamani ya ukweli ya kauli.

Zana za ufundi huu ni chache, nazo zimo vinywani mwa watu tangu utotoni: "si", "na", "au", "ikiwa… basi", pamoja na "ikiwa, na ikiwa tu". Maneno haya huitwa viunganishi vya mantiki, ingawa "si" huikanusha kauli moja tu pasipo kuiunganisha na nyingine. Kazi ya mwanamantiki ni kukipa kila kiunganishi maana moja isiyoyumba. Mwenyeji anayemuuliza mgeni kama atakunywa chai au kahawa hutazamia achague kimoja, lakini katika mantiki kauli yenye "au" huwa kweli hata pale sehemu zake zote mbili zinapokuwa kweli, na huwa uongo pale tu zote mbili zinapokuwa uongo.

Kiunganishi kilicholeta mabishano mengi zaidi ni "ikiwa… basi". Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Mgiriki Philo wa Megara alishika msimamo kwamba kauli ya sharti huwa uongo katika hali moja pekee, yaani pale sharti linapotimia na tokeo lake lisitimie. Msimamo huo unaonekana wazi katika methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta", ambayo ndani yake mna sharti, yaani kutoziba ufa, na tokeo, yaani kujenga ukuta. Jedwali la ukweli, ambalo hupanga hali zote zinazowezekana, litakuwa na mistari minne. Asiyeziba akajenga ameithibitisha methali. Asiyeziba na asijenge ameivunja. Aliyeziba na asijenge hakuivunja. Na aliyeziba ufa wake kwa wakati, kisha mafuriko yakaja yakamlazimu ajenge upya, naye pia hakuivunja, kwa maana methali haikumwahidi lolote mwenye kuziba.

Mstari huo wa mwisho ndio unaoonyesha thamani ya ufundi wenyewe. Hoja huitwa halali pale ambapo haiwezekani misingi yake yote iwe kweli na hitimisho lake liwe uongo. Methali ikichukuliwa kuwa msingi mmojawapo, anayesema kwamba fulani hakuziba ufa, kwa hiyo atajenga ukuta, ametoa hoja halali, sawasawa na anayesema kwamba fulani hajengi ukuta, kwa hiyo aliziba ufa. Lakini anayemwona jirani akijenga, akahitimisha kuwa jirani huyo alizembea, amedai kisichomo katika methali, na kwa kosa hilo la mantiki amemtia doa mtu asiye na hatia.

Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, waliziorodhesha hoja za msingi za aina hii, na miongoni mwao Chrysippus alitoa mfano wa mbwa anayefuata windo hadi kwenye njia panda ya njia tatu: hunusa ya kwanza, hunusa ya pili, na asipopata harufu huikimbilia ya tatu bila kuinusa. Karne nyingi baadaye, mwaka 1854, mwanahisabati George Boole alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kauli zinaweza kukokotolewa kama hesabu, na mwaka 1937 mhandisi Claude Shannon akaonyesha katika tasnifu yake kwamba swichi mbili zilizofuatana hufanya kazi ya "na", na zilizo sambamba hufanya kazi ya "au". Juu ya msingi huo ndipo zinapotenda kazi saketi za kompyuta hadi leo.

Hata hivyo, ufundi huu una mpaka wake. Kiswahili husema "Angaliziba ufa, asingalijenga ukuta", nacho humaanisha jambo zito kuhusu hali ambayo haikutokea. Lakini kwa kipimo cha Philo sharti lolote lisilotimia huifanya kauli nzima kuwa kweli, hata ya yule asemaye "Angaliziba ufa, angalijenga vilevile". Kiambishi "-ngali-" kinabeba mzigo ambao jedwali la mistari minne haliwezi kuubeba.

Ndani ya mpaka huo, mantiki ya kauli humfunza mtu adabu ya kutodai zaidi ya alichopewa. Aliyeizoea, akimwona jirani amebeba mawe na udongo kuelekea kwenye ukuta ulioanguka, hasemi neno juu ya ufa ambao hakuushuhudia. Humsalimu, na akiwa na nafasi humpokea jiwe.