Fundi wa Noti Moja

Kipande cha kwanza cha Musica ricercata, kazi ya piano aliyoitunga György Ligeti mjini Budapest kati ya mwaka 1951 na 1953, kimejengwa kwa noti moja. Ni A ya chini, A ya kati, A ya juu. Mara inajikokota, mara inakimbia, mara inanong'ona, mara inapiga kishindo, hadi mwishoni kabisa inapoingia D na kukifunga. Kipande cha pili kina noti tatu, cha tatu kina nne, na hesabu inapanda hivyo hivyo mpaka cha kumi na moja, kinachotumia zote 12.

Wapo watakaouona huo kuwa mchezo wa mwanafunzi. Mimi nauona kuwa kiapo cha fundi. Ligeti wakati huo alikuwa mwalimu katika Chuo cha Muziki cha Liszt, akifundisha hamonia na kontapunti, katika nchi ambayo serikali ndiyo iliyoamua muziki upi unafaa kusikika. Alichokitunga kwa moyo wake alikificha. Na hayo yalikuja juu ya msiba mzito zaidi. Alizaliwa mwaka 1923 Transylvania, katika familia ya Wayahudi wenye lugha ya Kihungari; mwaka 1944 alipelekwa kazi za kulazimishwa, na baba yake na mdogo wake wakafia katika kambi za Wanazi. Mama yake alirudi hai kutoka Auschwitz. Mtu aliyenyang'anywa kiasi hicho alikaa mezani na kujiuliza: noti moja inaweza kufanya nini?

Desemba 1956, baada ya vifaru vya Kisovieti kuyazima mapinduzi ya Hungaria, alitoroka na Vera, mke wake wa zamani, sehemu ya njia wakiwa wamefichwa chini ya magunia ya barua ndani ya treni. Miaka mitano baadaye okestra ilipiga kazi yake Atmosphères mjini Donaueschingen, Ujerumani. Humo karibu kila mpiga fidla ana mstari wake peke yake, na mistari hiyo imesongamana hata sikio haliwezi tena kuitenga. Linachosikia ni wingu la sauti linalobadilika rangi polepole. Wengi duniani walilijua wingu hilo mwaka 1968 kupitia filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey. Umaarufu huo ulimjia bila yeye kuombwa ruhusa.

Lakini kinachonifanya nimpende zaidi kilitokea alipokaribia miaka sitini, umri ambao mtunzi mwenye jina huanza kujirudia. Mwanafunzi wake Roberto Sierra, kutoka Puerto Rico, alimletea rekodi za Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, zilizokusanywa na mtafiti Simha Arom. Ni okestra ya mabaragumu, na kila baragumu lina noti moja. Mpigaji hana wimbo wake. Ana noti yake na mahali pake pa kuingia. Akichelewa kidogo tu, wimbo wa wote unatoboka. Fikiria yule mtu wa Budapest na A yake ya upweke, akisikia jamii nzima iliyokwisha kulijibu swali lake kwa namna ambayo hakuwahi kuiota.

Alisoma pia utafiti wa Gerhard Kubik kuhusu marimba ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo jirani zetu wanaingia. Katika amadinda ya Buganda, yenye vibao 12, wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Mmoja hupiga mfululizo wake kwa mwendo ulio sawa, na wa pili hupenyeza mapigo yake katikati kabisa ya yale ya mwenzake, kama miyaa inavyopishana katika ukili. Wa tatu huchukua vibao viwili vya juu tu. Mwendo ukikolea, sikio husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja kati yao anayezipiga. Zinazaliwa katika kukutana kwa mikono yao.

Ligeti hakuiba wimbo wa mtu. Hakutia ngoma kwenye okestra ili Wazungu wasikie Afrika ya kubuni. Alichukua kanuni ya ujenzi, akawataja waliomfikishia elimu hiyo, kisha akaenda kuifanyia kazi kwenye piano. Mwaka 1985 ikatoka Désordre, etudi ya kwanza kati ya 18 alizoandika hadi 2001. Mkono wa kulia unapiga vitufe vyeupe tu, wa kushoto vyeusi tu. Inaanza mikono ikiwa pamoja, mikazo ikiangukia mahali pamoja. Kisha, kila baada ya kitambo, wa kulia unapunguziwa pigo moja dogo na kutangulia. Mwanya unapanuka, mpaka msikilizaji anaapa kwamba wapo wapigaji wawili wanaokimbizana. Mpiga piano ni mmoja, mwenye jasho. Yeye Ligeti alianza kujifunza piano akiwa kijana wa miaka 14, na vidole vyake havikuwahi kufikia kile alichokiandika. Aliwaandikia wengine kile ambacho yeye aliweza kukisikia tu.

Alifariki Vienna mwezi Juni 2006. Wanaosema muziki wa aina hii ni makelele nawasihi waisikilize Désordre mara tatu mfululizo, mara ya kwanza wakifuata mkono mmoja tu. Nanyi walimu wa muziki wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, naomba mzifundishe etudi hizi pamoja na amadinda, katika darasa moja, mkianza na amadinda.