Mtazamaji wa Kawaida kama Mhakiki: Suala la Lafudhi katika Upokezi wa Filamu na Vipindi vya Runinga Migori na Homa Bay

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kumtafuta mhakiki mahali pamoja tu, nako ni katika ukumbi wa mihadhara, kitabu kikiwa mkononi. Mtu anayelipa shilingi chache, akaingia katika kibanda cha video, akatazama filamu mbili na kutoka akisema kwamba ya kwanza ilikuwa kali na ya pili haikuwa na maana, hahesabiwi kuwa mhakiki. Maoni yake huitwa porojo. Makala haya yanashikilia kwamba porojo hizo ni uhakiki wenye vigezo vyake. Aidha, yanadai kwamba kimojawapo cha vigezo hivyo, yaani kigezo cha lafudhi, kinafichua jambo ambalo uhakiki wa kitaaluma umelinyamazia: ni nani anayechekwa Kiswahili kinapozungumzwa katika runinga ya taifa, na kwa idhini ya nani. Mifano inatokana na kaunti za Migori na Homa Bay, kusini mwa Nyanza, ambako swali hilo lina uzito wa pekee.

Mazingira ya Lugha

Kaunti hizi mbili, zilizoanza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, zilitokana na eneo lililojulikana awali kama Nyanza Kusini. Dholuo ndiyo lugha yenye wasemaji wengi, lakini si ya pekee. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano kuna Wasuba, ambao wengi wao wamehamia Dholuo. Na upande wa mashariki wa Migori, hadi Isebania, kuna Wakuria, ambao ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka huko Sirare na Tarime. Kiswahili humfikia mtazamaji wa eneo hili kwa njia tatu: shuleni, ambako kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa tangu kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kutoka Nairobi kupitia redio na runinga, na kutoka Tanzania kupitia biashara ya mpakani na filamu za Bongo, zile zilizomfanya marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, kuwa jina la nyumbani hata nje ya nchi yake.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Dholuo haina sauti /z/, /v/ wala /sh/, na wala haina ngeli za nomino kama zilivyo katika lugha za Kibantu. Kwa hiyo msemaji wake anapokitwaa Kiswahili, neno "shida" huweza kusikika kama "sida", "zaidi" likawa "saidi", na upatanisho wa kisarufi ukalegea. Hizi ni athari za kawaida za lugha ya kwanza, ambazo kila Mkenya anazo kwa namna yake. Hata hivyo, katika historia ya vichekesho vya Kenya, athari hizi zimegeuzwa kuwa mali ya jukwaani, na mali hiyo mara nyingi imekuwa mikononi mwa watu wengine.

Vigezo vya Mtazamaji

Mtazamaji wa kawaida hahukumu ovyo. Kigezo chake cha kwanza kinahusu kanuni za utanzu. Msemo unaojulikana kote Afrika Mashariki kwamba "stelingi hafi" ni maelezo mafupi ya kile ambacho H. R. Jauss alikiita upeo wa matarajio. Mtazamaji anajua kwamba shujaa ataponea, na hilo halimkasirishi. Kinachomkasirisha ni shujaa kuponea bila jasho, maana hapo kanuni imetumiwa kama njia ya mkato.

Kigezo cha pili ni mwenendo. Hiki hutawala zaidi katika utazamaji wa nyumbani, ambako wanawake wana sauti kubwa kuliko vibandani. Tamthilia za Amerika ya Kusini zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, na baadaye tamthilia za Kenya kama Maria ya Citizen, iliyoonyeshwa kati ya 2019 na 2021, hujadiliwa kama kesi za ukoo: nani amemkosea nani, nani alijua, na nani alinyamaza ilhali alipaswa kusema.

Kigezo cha tatu, ambacho ndicho kiini cha makala haya, ni lafudhi. Mtazamaji huuliza: je, mhusika huyu anasema kwa ulimi wake, au kwa ulimi alioazima? Na kama ameuazima, ameuazima kwa kazi gani?

Vigezo hivi havitolewi kimya kimya. Hadhira ya kibandani hujibu, hukatiza na hubashiri. Msomi aliyefunzwa kutazama kwa utulivu huenda akaona utovu wa adabu hapo. Lakini katika utamaduni wa Waluo, kukatiza ni sehemu ya sanaa yenyewe. Katika pakruok, msikilizaji humsimamisha mwanamuziki, hulipa, hujitangaza na kuwasifu wake, kisha wimbo huendelea. Mtazamaji anayeikatiza filamu kwa maoni yake anairithi desturi ambamo hadhira ina haki ya kuingia ndani ya kazi ya sanaa. Kwa istilahi ya Bakhtin, huo ni usemezano.

Ulimi wa Kuazima: Kutoka Ojwang' hadi Otoyo

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa Mzee Ojwang' katika Vitimbi, kipindi cha muda mrefu cha shirika la utangazaji la taifa. Kwa miongo kadhaa, Ojwang' alikuwa Mluo maarufu kuliko wengi katika runinga ya Kenya. Lafudhi yake, mavazi yake na hasira zake zilijulikana hata kwa watoto. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Wengi walishangaa kuligundua hilo.

Swali la kihakiki ni hili: kwa nini mtazamaji wa Luo Nyanza, aliye mwepesi wa kuung'amua ulimi wa kuazima, alimpokea Ojwang' na hata kumdai kuwa wake? Jibu linaonekana kuwa katika uhusika. Ojwang' hakuwa lafudhi tu. Alikuwa mume wa Mama Kayai, mwenye nyumba, mtu wa hila na wa makosa, ambaye aliweza kushinda leo na kushindwa kesho. Lafudhi ilimtambulisha, lakini haikummaliza. Ukiiondoa, bado anabaki mtu. Mtazamaji alicheka pamoja na Ojwang' kwa sababu Ojwang' naye alipewa nafasi ya kuwacheka wengine.

Hali ni tofauti pale lafudhi inapobeba kichekesho chote. Papa Shirandula, kipindi cha Citizen kilichomfanya Charles Bukeko kuwa maarufu, kilikuwa na nguvu yake katika hali halisi: shujaa wake ni bawabu anayemficha mkewe kazi yake, na aibu hiyo inaeleweka bila lafudhi yoyote. Bukeko, aliyefariki Julai 2020 na kuzikwa Busia, alimpa bawabu huyo moyo. Lakini kandokando ya shujaa walikuwapo wahusika ambao kicheko chao kilitegemea zaidi matamshi. Kapteni Otoyo, mwenye jina na lafudhi ya Kiluo, aliigizwa na Kazungu Matano, ambaye majina yake yenyewe ni ya Pwani. Ustadi wa mwigizaji hauna shaka. Tatizo ni la uandishi: mstari unaochekesha kwa sababu tu "sh" imegeuka "s" hauhitaji mhusika; unahitaji mdomo peke yake. Mtazamaji asemapo "huyo anajifanya", hamlaumu mwigizaji kwa kuzaliwa kwingine, maana Wanjau naye alizaliwa kwingine. Analaumu kuazimwa kwa ulimi wake bila kuazimwa kwa maisha yake.

Ipo hoja kwamba vichekesho vya Kenya huwacheka wote kwa usawa, na kwamba katika Vioja Mahakamani, mathalani, Ondiek, Makokha na Masaku walipandishwa kizimbani kwa zamu. Hoja hii ina ukweli, lakini haijakamilika. Katika mahakama hiyo, hakimu kwa kawaida husema Kiswahili kisicho na alama ya kwao. Lafudhi iko kizimbani. Usanifu uko kitini. Usawa wa washtakiwa miongoni mwao hauondoi tofauti iliyopo kati ya kizimba na kiti. Mtoto wa Homa Bay anayeusikia ulimi wa nyumbani kwao ukija daima kutoka kizimbani ana sababu ya kunyamaza mwalimu wa Kiswahili anapomwita asome kwa sauti.

Ulimi wa Msimulizi

Kinyume cha hali hiyo kinapatikana katika filamu zinazosimuliwa. Nchini Kenya msimulizi anayejulikana zaidi ni DJ Afro, ambaye huchukua filamu za mapigano za Marekani, Uchina na India, akaweka juu yake masimulizi ya Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, na kuwahamishia wahusika katika mazingira ya Kenya. Uganda inao akina VJ Jingo wanaosimulia kwa Kiganda. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye usimulizi wake wa Kiswahili ulianzia katika vibanda na kuishia kwenye kanda zilizouzwa.

Runinga ya taifa humchukua mtu wa karibu na kumpa ulimi unaomfanya awe kichekesho, ilhali msimulizi humchukua mtu wa mbali na kumpa ulimi unaomfanya awe jirani. Ni kweli kwamba Kiswahili cha DJ Afro si cha Migori wala cha Homa Bay. Kina alama za Nairobi na Kenya ya kati. Hata hivyo, kigezo cha lafudhi hakimwangushi, kwa kuwa anasema kwa ulimi wake mwenyewe na hajifanyi mwingine. Mtazamaji hadai kwamba kila sauti iwe ya kwao. Anadai kwamba mwenye sauti awepo ndani yake.

Filamu za Kenya zenyewe zimekwisha kulitambua jambo hili. Katika Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David Gitonga, kijana Mwas anauza filamu za kigeni kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja. Usanii wake unaanzia katika utazamaji. Katika Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu mtoto mgonjwa anayependa mashujaa wenye nguvu za ajabu. Kazi zote mbili zinamtendea mtazamaji wa kijijini kama mtu mwenye ujuzi, si chombo kitupu cha kumiminiwa picha. Uhakiki wa kitaaluma umechelewa kuliko filamu.

Suala hili halikomei Kenya. Filamu ya Black Panther ilipozinduliwa Kisumu Februari 2018, Nyanza ilimshangilia Lupita Nyong'o kama binti yake. Lakini Kiingereza cha Wakanda kilikuwa kimejengwa juu ya lafudhi ya Kixhosa. Hollywood nayo ilikuwa imeazima ulimi mmoja wa Afrika uwakilishe nyingine zote. Tofauti ni kwamba hapo lafudhi ilikuwa ya wafalme, nayo ilivikwa taji badala ya kupandishwa kizimbani.

Mipaka ya Kigezo Hiki

Haifai kumtukuza mtazamaji wa kawaida kupita kiasi. Kigezo cha lafudhi kinaweza kuisamehe filamu dhaifu kwa sababu tu msimulizi wake ni mcheshi, na masimulizi ya vibandani mara nyingine huongeza kejeli dhidi ya wanawake ambazo hazimo katika filamu asilia. Vibanda vimekuwa zaidi mahali pa wanaume na wavulana, na uhakiki unaotoka humo una upungufu huo. Kadhalika, Mkuria wa Isebania, ambaye lugha yake ni ya Kibantu na ambaye Kiswahili chake kiko karibu na cha Tarime, hajeruhiwi na vichekesho vya lafudhi ya Kiluo kama jirani yake wa Rongo au Mbita; huenda naye akacheka. Hakuna mtazamaji mmoja wa Migori, sembuse wa kaunti mbili. Lakini tofauti hizi zinathibitisha hoja badala ya kuivunja: kila mmoja anahukumu kutoka mahali alipo kilugha, na mahali hapo panaweza kuelezwa kwa utaratibu.

Hitimisho

Mwaka 1977, huko Kamiriithu, wanakijiji walirekebisha lugha ya wahusika wa Ngaahika Ndeenda kabla ya tamthilia hiyo kufika jukwaani, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikiri baadaye kwamba mchango wao uliijenga kazi. Walichokitoa hakikuitwa porojo, kwa kuwa palikuwa na mwandishi aliyeketi kuwasikiliza. Mtazamaji wa Migori na Homa Bay bado hajapata msikilizaji wa namna hiyo. Serikali hukitazama kibanda chake kama mahali pa kupewa leseni na kukaguliwa. Waandishi wa vichekesho huuchukua ulimi wake. Vyuo vikuu huyapuuza maneno yake. Rongo na Tom Mboya ni vyuo vilivyo katika eneo hilohilo, na idara za lugha za vyuo hivyo hazihitaji safari ndefu ili kuanza kuyakusanya maoni haya, kuyaandika na kuyachambua. Kazi hiyo ikifanywa, mwandishi wa kipindi kijacho hatakuwa na kisingizio. Atajua kwamba katika benchi la nyuma yupo mtu anayeweza kutenganisha mhusika na mdomo, na kwamba mtu huyo amekuwa akimhakiki kwa miaka mingi.