Heko kwa Muungano wa Wanavijiji

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda nchini Kenya, unastahili pongezi. Ulizaliwa mwaka 1996, wakati wakazi walipoungana kupinga ubomoaji na unyakuzi wa ardhi.

Silaha yao haikuwa mabango tu. Waliweka akiba katika vikundi, kisha wakajihesabu wenyewe. Walipita mlango kwa mlango wakiandika nani anaishi wapi, choo kimoja kinatumiwa na kaya ngapi, na mtungi wa maji unauzwa bei gani. Ikadhihirika kwamba mkazi wa mabanda mara nyingi hulipia maji ghali kuliko mwenye bomba la kaunti nyumbani kwake.

Mwaka 2017, Kaunti ya Nairobi iliutangaza mtaa wa mabanda wa Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Kaya takriban 100,000 za sehemu zake, Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, zilipaswa kusikika. Wakihamasishwa na Muungano, wakazi wakajipanga nyumba kumi kumi, kila kundi na mwakilishi wake, wakajadili barabara, majitaka, afya na makazi bega kwa bega na wataalamu.

Mukuru bado ina mafuriko na uchafu, wala mpango wote haujatekelezwa. Hata hivyo, njia imeonekana. Enyi wapangaji wa miji, kabla ya kuchora ramani, ketini kwanza na wakazi.