Karatasi Isiyouliza

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma, kwa mapenzi tu na si kwa kutafuta shahada, maandishi ya wanazuoni wanaochunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta kazini. Si elimu yenye mashabiki wengi. Hata hivyo nina deni nayo, na deni hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Katika elimu hiyo, makala mojawapo inayotajwa sana ni ya Fred Davis, iliyotoka mwaka 1989 katika jarida la MIS Quarterly. Swali lake lilikuwa la maana: kwa nini ofisi inunue mashine kwa fedha nyingi, kisha wafanyakazi waiache ikipigwa na vumbi? Davis alisema mambo mawili ndiyo yenye uzito: kama mtu anaona chombo kitamfaa katika kazi yake, na kama anaona ni chepesi kukitumia. Akatunga sentensi sita kwa kila jambo, jumla kumi na mbili, na kila sentensi akaipa ngazi saba, kutoka ndiyo ya nguvu hadi hapana ya nguvu. Alizipima kwa watu 152 na programu nne. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa maabara ya IBM mjini Toronto; waliobaki, 40, walikuwa wanafunzi wa uongozi wa biashara waliosoma jioni mjini Boston.

Haki itendeke kabla ya lawama. Davis alipima kwa uangalifu maswali ambayo wengine walikuwa wakiyabuni ovyo ovyo, na alichokipata kina busara: manufaa yana nguvu kuliko wepesi. Mtu atavumilia chombo kigumu ikiwa kinamfaa, lakini chepesi kisicho na faida hatakishika. Mkulima yeyote aliyewahi kuchagua jembe analijua hilo. Lakini kulijua ni kimoja, na kulionyesha kwa takwimu ni kingine.

Kasoro yake ni hii. Katika utafiti ule, hata kiasi cha matumizi kilitokana na maelezo ya watumiaji wenyewe. Mtafiti hakusimama nyuma ya mtu kumtazama. Tena karatasi inamuuliza mtu juu ya chombo tu, kana kwamba wamefungiwa chumbani wawili hao peke yao. Kazi yenyewe haimo: hakuna mwenzake wa meza ya pili, hakuna daftari, hakuna bosi anayesubiri.

Msomaji ataniuliza: wewe yakuhusu nini? Yananihusu, kwa sababu karatasi ya ukoo huo niliwahi kuigawa kwa mikono yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, katika ofisi ambayo sitaitaja. Kompyuta ya kutayarishia mishahara ilikuwa na miezi michache tu, nami, kijana niliyetoka kozini, niliagizwa kupima kama wafanyakazi wameikubali. Karani mkuu wa mishahara alikuwa mama wa makamo ambaye sote tulimwita Shangazi. Alijaza hojaji yake kwa dakika tano. Mashine inamfaa? Sana. Ni nyepesi? Sana. Nilifurahi. Niliandika taarifa kwamba chombo kimekubalika, nikatia saini. Uongozi ukaona hakuna haja tena ya leja za karatasi. Zikafungwa kamba, zikapelekwa stoo. Pamoja nazo likaondoka daftari moja kubwa lenye jalada jeusi, ambalo Shangazi alikuwa akilihifadhi mtotoni mwa meza.

Mwezi uliofuata vibarua walipunjwa. Programu ile haikujua kumhesabia mtu aliyeanza kazi katikati ya mwezi, wala aliyehamishwa kutoka kikosi kimoja kwenda kingine. Kila mwisho wa mwezi Shangazi alikuwa akilifungua lile daftari jeusi, anasahihisha majina kadhaa kwa mkono, ndipo anachapisha. Mashine ilisifiwa kwa kazi aliyoifanya yeye. Ilichukua majuma kadhaa watu wale kulipwa haki yao, na mtu anayeishi kwa kutwa hana majuma ya kusubiri. Mmoja alikuja kusimama mlangoni kwetu siku tatu mfululizo, bila kutukana mtu.

Nilimwendea nikamuuliza, ‘Mbona hukusema, Shangazi?’ Akanijibu kwa upole, ‘Mwanangu, karatasi yako haikuuliza.’ Tena akaongeza kwamba aliogopa: angeandika mashine haifai, angeambiwa ni mzee asiyetaka maendeleo. Basi majibu yake hayakuwa uongo. Mashine ilimfaa kweli, maadamu daftari lilikuwepo.

Miaka ilipita kabla sijakutana na vitabu viwili ambavyo ningetamani kuvisoma kabla ya siku ile. Cha kwanza ni cha Lucy Suchman, kilichotoka mwaka 1987. Mwanaanthropolojia huyu, akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, aliwatazama watu wawili wawili wakihangaika na mashine ya kunakili iliyowekewa maelekezo ya kisasa. Mashine ilidhani mtu anafuata mpango wake hatua kwa hatua. Watu wao walikuwa wakitenda kulingana na yaliyowatokea papo hapo. Cha pili ni cha Julian Orr, cha mwaka 1996, juu ya mafundi wa mashine hizo hizo. Orr, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa fundi, alionyesha kwamba vitabu vya maelekezo havikutosha. Mafundi walitengeneza mashine kwa kusimuliana: ile iliyonishinda juzi ilikuwa hivi, nikaifanya hivi. Maarifa yao yalikuwa katika hadithi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Orr alikuwa amekilalia.

Sisemi vitabu hivi havina upungufu. Vinaeleza watu wachache kwa kina, na meneja mwenye matawi ishirini hawezi kumpelekea mwanaanthropolojia kila karani. Davis anampa kipimo cha haraka, na kipimo kina mahali pake. Ubaya unaanza pale neno ‘kukubali’ linapochukuliwa kuwa na maana ya ‘kufanya kazi vizuri’. Tazama yaliyotokea Uingereza mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Matokeo ya vipimo yalipitishwa katika programu ya Excel, kwenye faili za mtindo wa zamani zisizozidi safu 65,536. Safu zilipojaa, watu karibu 16,000 waliothibitika kuwa na ugonjwa waliachwa nje ya hesabu kwa siku kadhaa, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Kwa mizani ya manufaa na wepesi, ni programu chache zilizokubaliwa duniani kuliko hiyo. Kukubalika kwake hakukumsaidia mgonjwa hata mmoja.

Ndiyo maana nasema utafiti wa namna hii, kwa uzuri wake wote, umepima mlango na kuisahau nyumba. Mtafiti anayetaka kujua kama chombo kimefaa, na aanze kwa kuuliza swali ambalo halimo kati ya yale kumi na mawili: ni kitu gani unachokifanya pembeni ili mashine hii ionekane inafanya kazi? Kisha akae, atazame, siku ya mwisho wa mwezi.

Shangazi alistaafu muda mrefu uliopita. Daftari lile nililitafuta stoo mimi mwenyewe, nikamrudishia. Yule kibarua wa mlangoni sikumwona tena.