Kwa Wanaosawazisha Seva

Ukitaka kumpima fundi wa hifadhidata, muulize atatumia programu gani kusawazisha data za seva mbili. Mwenye pupa atakutajia jina la programu hapo hapo. Fundi wa kweli ataanza kukuhoji wewe. Seva zote mbili zitapokea maandishi, au moja itaandika na nyingine ifuate? Replika, yaani seva inayofuata, ikichelewa sekunde tano, nani ataumia? Na kiungo kikikatika, bora huduma isimame, au iendelee huku data zikianza kutofautiana?

Swali hilo la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alisema kwamba mtandao ukigawanyika, mfumo hauwezi kumjibu kila anayeuliza na papo hapo kuhakikisha majibu yanalingana kila upande. Mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wa MIT wakalithibitisha jambo hilo kihisabati. Hakuna programu sokoni, ya bure wala ya mamilioni, iliyosamehewa sheria hiyo.

Tuchukue akaunti ya mume na mke yenye shilingi 100,000. Seva moja iko Dar es Salaam, nyingine Mwanza, na zote zinaruhusiwa kuandika. Kiungo kinakatika. Mume anatoa 80,000 huku, mke anatoa 80,000 kule. Kila seva imepiga hesabu yake sawasawa na kuandika salio la 20,000. Kiungo kikirudi, programu inayofuata kanuni ya "aliyeandika mwisho ndiye mshindi" itakuta pande zote zinasema 20,000, itaridhika na kuendelea na kazi. Zimetoka 160,000 kwenye akaunti ya 100,000, wala hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja kwenye skrini.

Lakini kuruhusu pande zote ziandike si kosa kila mahali. Wahandisi wa Amazon walipoeleza mfumo wao wa Dynamo mwaka 2007, walisema wazi kwamba mteja lazima aweze kuongeza bidhaa kwenye kikapu chake hata seva zikiwa zimepotezana, na matoleo yaliyotofautiana yataunganishwa baadaye. Gharama yake waliijua: bidhaa aliyoiondoa mteja inaweza kuibuka tena kikapuni. Ataiondoa mara ya pili, yaishe. Huo ndio uchaguzi wa fundi, anayejua atakacholipa kabla hajanunua.

Wanaochagua seva moja iandike na nyingine zifuate nao wana hesabu yao. Mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva kuu ikisubiri uthibitisho wa replika iliyo umbali wa kilomita 1,000, kila muamala unachelewa milisekunde 10 au zaidi. Isiposubiri, kasi inapatikana, ila seva kuu ikifa ghafla, maandishi ya mwisho yanakufa nayo.

Oktoba 21, 2018, GitHub, jukwaa la watunzi wa programu, walilipa gharama ya aina hiyo. Wakati wa kubadilisha kifaa cha mtandao pwani ya mashariki ya Marekani, mawasiliano yalikatika kwa sekunde 43. Programu inayosimamia seva zao za hifadhidata za MySQL ikahamishia ukuu pwani ya magharibi, ilhali mashariki kulikuwa na maandishi ambayo hayajavuka. Magharibi nako kukaanza kuandikwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Huduma ilichukua saa 24 na dakika 11 kurejea katika hali yake, kwa sababu wahandisi waliamua kulinda data za watu kwanza. Nawavulia kofia kwa uamuzi huo. Shinikizo la kuharakisha lilikuwa kubwa.

Sehemu ya ufundi huu ninayoipenda zaidi, hata hivyo, haina kishindo. Ni ukaguzi. Kuna chombo kinachoitwa pt-table-checksum, cha watumiaji wa MySQL. Hukata jedwali vipande vipande, na kwa kila kipande hukokotoa namba ya ukaguzi kwenye seva kuu. Kisha amri ileile ya kukokotoa husafiri ndani ya mkondo wa mabadiliko hadi kwenye replika, nyuma ya maandishi yote yaliyoitangulia. Ikifika, inapaswa kukuta data katika hali ileile iliyokuwa nayo kwenye seva kuu. Namba zikitofautiana, fundi anajua kipande gani kimeharibika, na wateja hawakusimamishwa kununua wala kulipa. Aliyebuni njia hiyo alifikiri kwa utulivu sana.

Fundi huyohuyo atakukumbusha pia kwamba replika si hifadhi ya akiba. Amri ya kufuta jedwali kwa bahati mbaya itanakiliwa kwa uaminifu uleule inavyonakiliwa amri ya kusajili mgonjwa.

Kwa hiyo wewe unayesimamia mfumo wa hospitali, ushirika au duka, ukiletewa programu ya kusawazisha seva, usitosheke na maonyesho ya skrini. Waambie walioileta wachomoe waya huku wewe umekaa hapo hapo. Waandike pande zote mbili, waurudishe waya, kisha wakuonyeshe kila rekodi iliyoandikwa imekwenda wapi. Usitie saini kabla hujaziona.