Jumba la Pujini na Neno "Ngome"

Wageni walioandika juu ya magofu ya Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake kisiwani Pemba, mara nyingi wameyaita ngome, na wenyeji waliosoma vitabu vyao wamelipokea neno hilo. Halikosi sababu: ziko kuta za mawe, na liko boma kubwa la udongo lililoyazunguka majengo. Hata hivyo neno hilo lataka kuchunguzwa, kwani huamua mapema ni kitu gani mtazamaji atakitafuta mahali pale, na ni kitu gani atakipita bila kukiona.

Ngome, kwa watu wa pwani, ni jengo kama lile la Mombasa lililoanzwa na Wareno mwaka 1593: kuta za kukabili mizinga, na ndani yake askari wasiolima. Pujini ilianza katika karne ya 15, kabla ya merikebu za Wareno kufika pwani hii mwaka 1498. Tena yapasa kuiondoa mikarafuu machoni, maana hiyo ilienea Pemba katika karne ya 19. Inayobaki ni nchi ya mabonde ya mpunga, ambayo chakula chake kiliilisha hata Mombasa. Katika nchi hiyo mkubwa mmoja alijenga kwa mawe na chokaa, hali wakulima waliomzunguka wakijenga kwa miti na udongo. Mtu huyo alikuwa mwenye shamba kabla ya kuwa jemadari. Wala unene wa ukuta si ushahidi wa kutosha. Mpakani mwa Uingereza na Uskochi zingalipo nyumba za mawe za wakulima wa karne ya 16 na ya 17, kuta zake nene kama za gereza, ng'ombe wakilala chini na watu juu, kwa hofu ya wezi wa mifugo. Zilikuwa na nguvu za ngome, lakini zilikuwa nyumba za shamba.

Hadithi ya wenyeji imelisoma jumba hili vizuri kuliko vitabu vingi. Humtaja mjenzi wake, Mkama Ndume, na jina lenyewe ni la zizini. Kukama ni kutoa maziwa katika chuchu za mnyama. Ndume ni madume, yaani wanaume. Mwenye kuwakama wanaume adai maziwa pasipo na maziwa, na ni vigumu kupata maelezo mafupi kuliko hayo ya jinsi mawe yale yalivyopatikana. Husimuliwa kwamba watu walilazimishwa kuyachukua vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Labda hakuna aliyetendwa hivyo. Lakini masimulizi yameuliza swali ambalo wataalamu wa majengo huchelewa kuliuliza: ni nani aliyebeba?

Ndivyo ilivyo katika habari ya kisima. Yasemekana Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakigawa kisima kwa ukuta wasionane. Mmoja akawa hushuka ngazi mpaka majini, mwingine huteka kwa kamba na ndoo. Kisa hiki huchekesha, na kwa sababu huchekesha hupuuzwa. Lakini ni uhakiki kamili wa jengo. Msimulizi ameziona njia mbili za kuyafikia maji, akatambua kwamba njia mbili maana yake ni watu wawili wasio na haki sawa au wasiotakiwa kukutana. Nyumba za mawe za pwani zimepangwa kwa fikira hiyo hiyo: mgeni akomee barazani, jamaa aingie ukumbini, na ndani abaki mwenye ndani.

Hadithi nayo ina upungufu. Katika miaka ya 1990 mwanachuoni wa mambo ya kale Adria LaViolette alifanya uchimbaji Pujini, na katika chumba kilicho chini ya ardhi mna sanamu ya siwa iliyofinyangwa kwa chokaa ukutani. Siwa ni baragumu la enzi, la kusikika mbali. Hapa imetiwa mahali ambapo sauti haitoki. Neno "ngome" halikielezi chumba hicho, na kisa cha wake wawili hakikitaji. Atakayetaka kukieleza itambidi aseme kwanza ni nani aliyeruhusiwa kushuka.